Mama Diwani na Lifti Yetu

Ulikuwa mwaka ule tuliokula nyama asubuhi, mchana na jioni, mpaka watoto wakaomba mchicha wenyewe. Umeme ulikatika Toronto nzima, wakati wa kiangazi, joto la kuchemsha ubongo, na mafriza yakaanza kutoa maji. Nani atupe nyama? Kila mtu kwenye jengo letu la Rexdale alishuka na alichokuwa nacho. Wasomali walileta mbuzi, Wajamaika kuku wa pilipili ya kutoa machozi, sisi tulileta ng'ombe, na Mkongo wa ghorofa ya tisa alileta samaki ambaye hakuna aliyethubutu kuuliza alikuwa humo frizani tangu lini. Tulichoma kwenye maegesho ya magari kama harusi isiyo na bibi harusi.

Hapo ndipo nilipomwona mama mmoja wa Kizungu, mzee, mwembamba kama ufagio, nywele nyeupe zimesimama, anapanda ngazi na ndoo mbili za maji. Anapanda, anashuka, anapanda tena. Nikamwambia mzee wangu, baba watoto, "Yule jua limempiga kichwani." Kumbe maji yalikuwa hayafiki ghorofa za juu, na yeye alikuwa anawapelekea wagonjwa na wazee. Wazee! Na yeye alikuwa amepita miaka sabini.

Nikamkatia paja la kuku. Akatikisa kichwa.

"Sili kitu kilichokuwa na mama."

"Samaki je?"

"Naye ana mama."

"Haya, ugali hauna mama. Kaa hapa."

Akakaa. Akaumega kwa vidole, akachovya kwenye maharage, akafumba macho. Akaniambia bibi yake kule Uskochi alikuwa anapika uji mzito wa shayiri, anaumimina kwenye droo ya kabati, ukiganda wanaukata vipande wanakwenda navyo kazini. Kwenye droo! Penye soksi! Nikacheka mpaka nikashika ubavu. Nikamwambia basi wewe ni mtu wetu, umekula kiporo.

Jina lake nalijua na sitaliandika. Jengo zima tulimwita Mama Diwani, kwa sababu kwao alikuwa diwani miaka kumi na tisa, mjamaa wa kweli kweli, wa kusimama barabarani na bango mvua inanyesha. Alikuja Kanada kumfuata binti yake, binti akahamia Richmond Hill kwenye nyumba yenye bustani, yeye akagoma kuhama. Alisema Richmond Hill watu wanasalimiana na magari. Alikozaliwa na nani alimzaa siandiki, aliniambia mara moja nikasahau. Nilichokiona kwa macho yangu ndicho hiki.

Kiingereza chake hakuna aliyekielewa. Mjukuu wangu aliyezaliwa hapa hapa alikuwa ananivuta kanga, "Bibi, anasema nini?" Na mimi wa darasa la nne ndiye nikawa mkalimani! Nilimwelewa kwa sababu hakukimbia na maneno. Na yeye alinielewa kwa sababu hata yeye, alisema, walimcheka shuleni na mdomo wake huo. Tulikuwa wawili wenye Kiingereza kibovu, tukaelewana kuliko wenye kizuri.

Siku aliyojua natoka Tanzania alipiga makofi. "Ujamaa!" Macho yanawaka kama mtoto aliyeona keki. Nikamuuliza, "Umewahi kupanga foleni ya sabuni?" Akasema alipanga ya siagi, wakati wa vita. Nikamwambia hiyo si foleni. Nikamweleza sisi tulivyopakiwa kwenye lori, mimi, mama, kuku wetu na mlango wa nyumba ambao baba aliung'oa akakataa kuuacha, tukashushwa porini tukaambiwa hapa ndipo kijiji. Hakunibishia hata neno. Juma lililofuata akaja na daftari.

"Kuna aliyekataa?"

"Babu yangu."

"Wakamfanya nini?"

"Walichoma nyumba yake."

Akaandika. Akafunga daftari, akasema, "Basi huo haukuwa wangu. Ujamaa wangu ni wa hiari, ama si ujamaa." Na mimi nikakasirika! Nikamwambia usiseme vibaya yote, hapo hapo porini ndipo nilipofundishwa kuandika barua, kwenye darasa la watu wazima, na kisima kilichimbwa. Mimi ndiye ninayeruhusiwa kuusema vibaya, si wewe. Alicheka kwa sauti mpaka akakohoa. Neno moja alilichukua kwangu hakulirudisha: ndugu. Nilipomwambia kwamba enzi zile hata waziri alikuwa ndugu na mfagiaji ndugu, lilimwingia moyoni. Kuanzia siku ile niliitwa Ndugu. Dereva wa basi la Kipling alikuwa Ndugu. Hata meneja wa jengo, ambaye mimi ningemwita jina lingine, alikuwa Ndugu Meneja.

Sasa tabia zake. Huyu mama hakuweza kufanya jambo bila kikao. Ukimwalika chai anauliza ajenda ni nini. "Nani anatoa hoja tuongeze tangawizi? Nani anaunga mkono?" Tulikuwa watatu chumbani, na bado anahesabu mikono. Aliunda kamati ya wapangaji, akanifanya mimi mwenyekiti. Nikamwambia kamati ina watu wenye digrii. Akasema wenye digrii wanaongea sana, wewe unajua kunyamazisha watu. Hilo lilikuwa kweli.

Na vita! Vita hakuvitaka, vyovyote, vya nani na nani. Mwezi wa kumi na moja watu wote hapa wanavaa ua jekundu kifuani kukumbuka askari waliokufa. Yeye alivaa jeupe, alilikata mwenyewe kwa karatasi. Siku moja ndani ya basi mzee mmoja mwenye medali alimgombeza mbele za watu, anamwambia huna heshima. Mimi nilishavua kiatu. Mama Diwani akanishika mkono, akasimama, akampa yule mzee kiti chake. Akamwambia, "Kaka yangu amelala huko na wenzako. Mimi namlilia kwa rangi hii." Mzee alikaa. Walipofika kwenye treni walikuwa wanaonyeshana picha.

Halafu mtu huyo huyo, jioni ya hoki kwenye televisheni, usikae karibu naye! Wachezaji wakitupa glovu waanze kupigana, yeye anasimama juu ya kochi langu na soksi zake: "Mpige! Mpige na wa pili!" Nikamuuliza, "Diwani, amani imekwenda wapi?" Akaniambia wale wana refa. Mende nao aliwaua bila huruma, kwa kandambili. Nilimuuliza kama mende hana mama. Akasema, "Anaye, na yeye namtafuta."

Kisa alichonisimulia mara nyingi ni cha mahabusu. Kwao kulikuwa na bandari ya nyambizi zenye mabomu yale ya kumaliza dunia. Yeye na kina mama wengine walikaa chini barabarani, magari ya jeshi yasipite. Polisi wakawabeba kama magunia, wakawafungia. Asubuhi mkuu wa kituo akagundua kwamba mmoja wao ni diwani. Aibu! Akamfungulia mlango, akamwambia mheshimiwa, wewe unaweza kwenda. Yeye akajibu, "Asante, lakini siendi peke yangu." Akarudi kukaa kwenye sakafu. Alikaa siku tatu, na humo ndani waliendesha vikao vitano, mihtasari yake waliiandika kwenye karatasi za choo. Chama chake mwenyewe kikamnunia, uchaguzi uliofuata akashindwa. Kila akifika hapo alikuwa anacheka.

Akataka nimfundishe kwa Kiswahili yale maneno aliyomjibu mkuu wa kituo. Tulikuwa tunamenya vitunguu. Nikamtamkia, akarudia, nikamsahihisha, akarudia. Ile "ndi" na "ngu" zilimsumbua, lakini kichwa kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia. Alikuwa anapita korido na ndoo ya nguo chafu, anajisemea.

Sasa lifti. Hapa nitasema yote, na yangu pia.

Jengo lilikuwa na lifti mbili. Moja ilikufa zamani tukaizoea. Ya pili ikafa majira ya baridi, theluji imefika magotini, na meneja akabandika karatasi kwamba vipuri vinasubiriwa. Sisi tulikaa ghorofa ya kumi na mbili, mlango kwa mlango na Mama Diwani. Na mzee wangu figo zilikuwa zimekataa kazi, anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa juma. Mara tatu! Asipokwenda anakufa, hakuna mjadala. Vijana wanne wa Kisomali walikuwa wanambeba kwenye kiti cha jikoni, ghorofa kumi na mbili kushuka, ghorofa kumi na mbili kupanda, na yeye amefumba macho kwa aibu, mtu aliyekuwa fundi wa treni, mabega kama mlango. Siku mbili vijana hawakupatikana, hakwenda. Alivimba uso mpaka macho yakapotea.

Mama Diwani akaitisha kikao, tukaandika barua ya madai. Jina la kwanza langu, aling'ang'ania liwe la kwanza. Niliandika kwa herufi kubwa, nikajivunia mwandiko wangu. Watu sitini na tisa wakafuata chini yangu, tukawa sabini. Meneja akakubali kuja kutusikiliza, chumba cha chini cha kufulia nguo.

Na sisi wanawake tukafanya nini? Tukapika! Mgeni anakuja, utamkalisha mdomo mtupu? Mimi pilau, Wasomali sambusa, mke wa Mkongo ndizi. Meneja kafika kakunja uso, kaona sahani, uso ukafunguka. Alikula, akaongeza, akauliza viungo. Akafungua mkanda wa suruali. Mama Diwani akasimama, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, toa malalamiko." Watu wote wananitazama. Nami nikamtazama yule mwanamume ana punje za pilau yangu kwenye ndevu, na mdomo haukufunguka. Mtu amekula kwako, bado ana kijiko mkononi, utaanzia wapi kumgombeza? Nikasema, "Tunashukuru umekuja." Wanawake wakapiga makofi! Meneja akaondoka na kifurushi cha sambusa, hajaahidi hata misumari.

"Mmemlisha!" Mama Diwani alishika kichwa. "Miaka hamsini ya siasa, sijaona mgomo ulioshindwa na pilau!"

"Ulitaka tumnyime chakula?"

Akazunguka meza mara mbili. "Hapana," akasema. "Kumnyima mtu chakula nako ni vita. Lakini Ndugu, jamani, kwanza maneno, halafu sahani."

Meneja hakuwa mjinga. Alijua ni Mama Diwani aliyeshika usukani, na alijua nyonga ya mama huyo ni mbovu, maana alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Akampelekea barua: kuna nyumba ghorofa ya chini, ni yake, aondoe tu jina lake kwenye madai. Alinisomea huku anatabasamu. Nikamwambia ichukue. Akampigia meneja simu mbele yangu, akasema kwa Kiingereza chake kile kile cha mahabusu, polepole ili aeleweke: "Asante, lakini siendi peke yangu." Akamwambia mpe yule mgonjwa wa ghorofa ya kumi na mbili. Meneja akasema atafikiria.

Alifikiria. Siku mbili baadaye akagonga kwangu na barua. Nyumba ile ile, sharti lile lile. Nilikata jina langu.

Nimesema nitaandika na yangu pia. Nilichukua kalamu nikapitisha mstari juu ya yale maandishi makubwa niliyojivunia, jina la kwanza kwenye orodha, kila mtu ataliona limekatwa. Mzee wangu alikuwa amelala chumba cha pili, anapumua kama anakwaruza sakafu. Ningekata hata la mama yangu.

Nikaenda kumwambia Mama Diwani, nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno yangu tayari: wewe huna mume, wewe una binti mwenye bustani. Hakunipa nafasi. Alichukua utepe wa gundi na mkasi, akavuka korido, akaanza kufunga maboksi yangu. Sufuria, blanketi, picha ya harusi. Alifunga vizuri kuliko mimi.

"Huna la kunisema?" nikamuuliza.

"Damu ya mume wako haina siasa."

"Na sabini wale?"

"Sitini na tisa," akasema. "Wanatosha."

Bora angenitukana! Nilihamia chini, mzee akawa anakwenda hospitali kwa kiti cha magurudumu, uso ukarudi uso wake, na mimi nikawa sipati usingizi. Nilikuwa nasikia hatua za watu kwenye ngazi. Mtu akishuka kinyumenyume nilijua ni nani.

Akaitisha mkutano wa pili. Safari hii alimwandikia meneja kwamba kamati itakaa ghorofa ya kumi na mbili, koridoni, saa tano asubuhi, na akimleta mwenye jengo ni vizuri zaidi. Walikuja wote wawili! Mwenye jengo na koti refu la sufu. Walipanda kwa miguu, na mimi nikapanda nyuma yao, magoti yanalia. Sikualikwa. Ghorofa ya saba mwenye jengo alivua koti, ya kumi akakaa kwenye ngazi. Tulipofika, Mama Diwani alikuwa amesimama na glasi mbili za maji, akampa mwenye jengo kiti chake mwenyewe. Koridoni kote watu wamejaa, mtoto wa Mkongo, asiyeweza kutembea, kwenye kiti chake cha magurudumu mbele kabisa. Sufuria ya pilau ya mtu mwingine inanukia mlangoni, mfuniko umefungwa.

Meneja akasema, kwanza wengi hapa hawana malalamiko, hata mwenyekiti wenu alijiondoa.

Sijui ni nani alinisukuma. Nikajikuta katikati.

"Mwenyekiti ni mimi," nikasema. "Nilipewa nyumba ya chini ili ninyamaze. Sasa sikilizeni ninavyonyamaza!"

Nikasema dakika kumi. Kiingereza changu cha sokoni, na kilipoisha nikaendelea kwa Kiswahili, na hakuna aliyekosa kuelewa. Nikamwambia mwenye jengo ahesabu ngazi alizopanda akiwa mzima. Nikamwonyesha kile kiti cha jikoni tulichokiacha koridoni, miguu yake imelegea kwa kumbeba mume wangu. Nikamwambia meneja anitoe ile nyumba kesho akitaka, barua aliyoniandikia ninayo, na ninajua kuisoma. Watu walikuwa wanapiga kuta kwa viganja. Mama Diwani akainua mkono, sauti nyembamba, "Ninaunga mkono hoja." Mwenye jengo akatia saini barua yetu ya madai pale pale, juu ya goti. Halafu tukafungua sufuria.

Vipuri vilivyokuwa vinasubiriwa vilifika kabla mwezi haujaisha. Siku lifti ilipowaka, mzee wangu alitaka kupanda bila sababu yoyote. Tulimsukuma ndani, Mama Diwani akabonyeza kumi na mbili, tukapanda na kushuka mara nne tunaimba kama watoto. Meneja hakututoa. Mzee aliishi miaka sita zaidi, nikamzika mimi mwenyewe kwa heshima zote.

Lakini mimi na Mama Diwani kulikuwa na kitu hatukukigusa. Nilipanda kwake kila Ijumaa na maharage, akanifundisha kupiga kura za kamati, akanipigia kelele kwenye hoki. Ile siku ya kukata jina hakuitaja. Nami kila nilipobonyeza kumi na mbili kidole kilikuwa kizito. Mtu aliyekataa kwenda peke yake, na mimi niliyekwenda. Miaka inapita, napika, nacheka naye, na hicho kitu kipo.

Mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa, mchana, jua linaingia koridoni. Nilipanda na sufuria nikakuta mlango wake wazi na watu wawili wa gari la wagonjwa. Moyo. Walishamlaza kwenye kitanda chao cha magurudumu, bomba puani, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto. Nikawafuata mpaka kwenye lifti, aproni mwilini, mikono inanuka vitunguu. Wakamwingiza. Kitanda kikajaa lifti yetu, wale wawili wakajibana pembeni. Mmoja, kijana mpole tu, akaniambia, "Mama, nafasi hakuna. Subiri inayofuata."

Nikarudi nyuma hatua moja. Nilifikiri, sawa, ni haki.

Mlango ukaanza kufunga. Mkono ukatoka chini ya blanketi, mkavu, mrefu, ukashika ukingo wa mlango. Lifti ikalia, mlango ukafunguka. Kijana akaurudisha mkono blanketini taratibu. Mlango ukaanza tena, mkono ukatoka tena. Lifti inalia, inalia, wale vijana wanatazamana. Alikuwa ananitazama mimi, si wao. Akalivuta bomba pembeni na kidole.

"Anasema nini?" kijana akaniuliza.

Alikuwa anasema kwa Kiswahili nilichomfundisha juu ya vitunguu, "ndi" yake imekaa mahali pake, hakukosea hata moja:

"Asante, lakini siendi peke yangu."